Uzi maalumu: Riwaya za Ulaya ya leo tunazozisoma kwa Kiingereza. Tuanzie wapi?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani nyuzi za riwaya za Waingereza na Wamarekani ni nyingi, na za riwaya zetu zipo, japo chache. Lakini kuna kabati zima tunalipita bila kulitupia macho: riwaya zilizoandikwa miaka hii hii kwa Kipolandi, Kinorwe, Kihungaria, Kiitaliano, Kibulgaria, Kijerumani, kisha zikatafsiriwa kwa Kiingereza. Nataka tuzizungumze kwa urefu. Nitaandika kwa vipande, mwenye la kusema aingie katikati.

Naanza na hoja yangu kuu ili anayeipinga aipinge mapema. Ukisoma riwaya ya London umeingia nyumbani kwa watu. Mwandishi anazungumza na wenzake. Majina ya mitaa, shule walizosoma, utani wa kitabaka, vyote vinakupita, na yeye hana wajibu wa kukueleza. Ukisoma riwaya ya Kipolandi kwa Kiingereza, Mwingereza na wewe wa Tandika mmekaa mkeka mmoja wa wageni. Na yeye hakijui kile kijiji. Na yeye jina la mhusika linamkwama mdomoni. Mfasiri imembidi awafikirie nyote wawili. Kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hilo ni jambo kubwa, na nashangaa halisemwi.

Mfano wangu wa kwanza ni Olga Tokarczuk wa Poland, aliyepewa Nobel ya mwaka 2018 (ilitangazwa 2019). Msianze na *The Books of Jacob*, ni pande la kitabu na litawakatisha tamaa. Anzeni na *Drive Your Plow Over the Bones of the Dead*, iliyotafsiriwa na Antonia Lloyd-Jones na kutoka kwa Kiingereza mwaka 2018. Msimuliaji ni bibi mmoja, Janina Duszejko, zamani mhandisi wa madaraja, sasa anaishi kwenye kijiji cha mlimani mpakani na Czech, anafundisha watoto Kiingereza na kulinda nyumba za matajiri wanaohama wakati wa baridi. Ukurasa wa kwanza tu jirani yake, jangili, amekutwa amekufa, kakabwa na mfupa wa mnyama aliyemwinda. Kisha wawindaji wengine nao wanaanza kufa. Bibi anakwenda polisi na barua zake ndefu za unajimu, akidai wanyama wanalipiza kisasi, na polisi wanamwona kikongwe aliyechanganyikiwa.

Kinachonishika kwenye kitabu hiki ni sauti yake. Kila mtu kijijini amempa jina lake mwenyewe kwa jinsi anavyomwona, maana majina ya vyeti anayaona hayamfai mtu, na lake mwenyewe halipendi. Baadhi ya maneno anayaandika kwa herufi kubwa kana kwamba ni watu. Anakasirika, anaugua, anapika supu, anamtafsiri mshairi William Blake pamoja na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Sisi tuliokulia kwenye vijiji ambako mwanamke mzee akiishi peke yake anaanza kunong'onwa kuwa mchawi, tunajua hasa Tokarczuk amemweka wapi mtu huyu. Na alipofika kwenye hatari hiyo mwandishi hakukwepa.

Nitaendelea.

#2

Mkuu shusha nondo, nimeweka kambi. Swali dogo: nitajuaje kwamba tafsiri ni nzuri wakati Kipolandi chenyewe sikijui?

#3 (Mleta uzi)

Ndugu, hilo ndilo swali lenyewe.

Cha kwanza, mtafute mfasiri kwa jina, kama unavyomtafuta mwandishi. Ukimpenda Lloyd-Jones kwenye Tokarczuk, fuata vitabu vyake vingine. Ukimpenda Ann Goldstein kwenye Elena Ferrante wa Italia, mfuate. Mfasiri mzuri hachukui kila kitabu kinachopita. Kwa hiyo orodha ya kazi zake ni ushauri wa bure wa mtu aliyesoma kuliko sisi.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi majina yao yamefichwa ndani, kwa herufi ndogo. Jennifer Croft, aliyetafsiri *Flights* ya Tokarczuk, mwaka 2021 alitangaza kwamba hatafasiri tena kitabu ambacho jina lake halitawekwa kwenye jalada. Waandishi na wafasiri wengi walitia saini kumuunga mkono, na baadhi ya wachapishaji wakabadilika. Mimi naona alidai haki iliyo wazi. Maneno yote tunayoyasoma pale, kila moja, amelichagua yeye.

Angalieni na njia *Flights* iliyopita. Kwa Kipolandi ilitoka mwaka 2007, kwa Kiingereza ikatoka 2017. Miaka kumi, na kwa muda mwingi katika miaka hiyo Croft alikuwa akitafuta mchapishaji. Mwaka uliofuata kitabu kikachukua tuzo ya International Booker. Wachapishaji wa Marekani na Uingereza wamezoea kutaja asilimia 3 kama kadirio la vitabu vyao vilivyotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Mlango ni mwembamba kiasi hicho. Kitabu kinachopita hapo mara nyingi kimepiganiwa na mtu, na mtu huyo ni mfasiri.

Tuzo hiyo ya International Booker nayo ni dira nzuri. Kati ya 2005 na 2015 ilitolewa kila baada ya miaka miwili kwa kazi zote za mwandishi. Tangu 2016 inatolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa, na pauni 50,000 zinagawanywa nusu kwa nusu, mwandishi na mfasiri. Si ya Ulaya peke yake, ila Ulaya imo sana: Tokarczuk 2018, Marieke Lucas Rijneveld wa Uholanzi 2020, Georgi Gospodinov wa Bulgaria 2023, Jenny Erpenbeck wa Ujerumani 2024. Soma hata orodha fupi za walioshindwa.

Cha pili, wachapishaji. Fitzcarraldo Editions ya London ilianzishwa mwaka 2014, nyumba ndogo tu. Riwaya zao zina jalada la bluu tupu, halina picha. Baadhi ya waandishi wao waliopewa Nobel: Svetlana Alexievich, Tokarczuk, Annie Ernaux na Jon Fosse. Ukiona jalada hilo mahali popote kwa bei unayoimudu, usiulize mara mbili.

Cha tatu, soma kurasa mbili kwa sauti. Tafsiri mbovu inakwama mdomoni hata kama macho yameivumilia.

#4

Dah, na mimi nina ushuhuda. Nilianza na Ferrante kwa sababu ya ile tamthilia ya HBO, sikuweza kuviweka chini. Lile suala la shule lilinigusa sana. Mleta uzi ligusie.

#5 (Mleta uzi)

Dada, asante. Vitabu ni vinne, kwa Kiingereza vilitoka kati ya 2012 na 2015, vinaanza na *My Brilliant Friend*. Wasichana wawili kwenye mtaa maskini wa Naples miaka ya 1950. Lila ni binti wa fundi viatu, na ndiye mwenye akili kali kuliko wote darasani. Elena ni binti wa mlinzi wa mlangoni wa ofisi za manispaa. Wazazi wa Lila wanakataa kulipia masomo baada ya shule ya msingi. Wa Elena, baada ya mwalimu kuwabana sana, wanakubali. Tofauti hiyo moja inayabeba maisha yao kwa miaka sitini.

Mtaani watu wanazungumza lahaja ya Naples. Shuleni ni Kiitaliano sanifu. Kila Elena anapopanda darasa anazidi kuwa mgeni nyumbani kwao, na kila anaporudi hajui azungumze vipi na mama yake. Ferrante hajazi lahaja ndani ya kitabu. Anatuambia tu kwamba fulani sasa alibadilisha, akasema kwa lahaja, na tunaelewa kuwa hapo kuna hasira, au mapenzi, au vitisho. Uamuzi huo ulimfaa sana Goldstein, maana hakulazimika kuwatafutia watu wa Naples lafudhi ya mtaa fulani wa Uingereza. Mtanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, anakisoma kitabu hiki akiwa na kitu cha ziada ambacho msomaji wa New York hana.

Aliyekipenda hicho ahamie kwa Annie Ernaux, *A Man's Place*. Kifaransa chake ni cha mwaka 1983, mfasiri ni Tanya Leslie. Ni kijitabu, utakimaliza Jumapili moja. Baba yake alianza kama kibarua wa shambani, akaishia na duka dogo lenye mgahawa huko Yvetot, Normandie. Binti akasoma, akawa mwalimu, akaolewa na watu wa daraja jingine. Baba anafariki, na binti anaandika habari zake kwa sentensi kavu, bila kumpamba na bila kumdharau. Hakuna kitabu cha Ulaya ninachokigawa kwa watu kuliko hiki.

#6

Hamjambo nyote. Miye niko Mombasa, na nipendacho ni habari za bahari na wavuvi. Huko Ulaya ya sasa kuna mtu aandikaye bahari sawasawa, ama wote ni mambo ya talaka na Paris?

#7 (Mleta uzi)

Hatujambo, ndugu yangu. Yupo, na ni mkubwa: Jon Fosse wa Norwe, Nobel ya 2023. Kaanze na *Morning and Evening*, tafsiri ya Damion Searls. Sehemu ya kwanza mvuvi anasubiri mkewe ajifungue, na mtoto anayezaliwa wanampa jina Johannes. Sehemu ya pili Johannes ni mzee, mke amekwishafariki, anaamka asubuhi moja na mwili ni mwepesi ajabu. Anatoka, anakutana na rafiki yake wa zamani, wanakwenda kutazama nyavu za kaa. Kuna kitu hakiko sawa siku hiyo, na msomaji anakitambua kabla ya Johannes. Maneno ni yale ya kila siku: mashua, kahawa, mkate, kiko. Kidato cha nne anakisoma. Ila uzito wake ni mwingine kabisa.

Kisha ukishazoea pumzi yake, nenda *Septology*, sehemu saba kwenye juzuu tatu. Mchoraji mzee, mjane, anaishi peke yake kando ya bahari. Mjini kuna mchoraji mwingine mwenye jina lile lile, amezama kwenye pombe. Kitabu chote hakina nukta. Anasimulia, anarudia, anakumbuka, na kila sehemu inafungwa kwa sala. Watu wanaogopa wakisikia hivyo. Lakini sisi tumekua tukisikiliza nyiradi, tunajua marudio yanamfanya nini msikilizaji. Usikisome kwa haraka ya kutafuta kisa. Soma usiku, kurasa chache, acha kikubebe.

Fosse anaandika kwa Nynorsk, moja ya maandishi mawili rasmi ya Kinorwe, na ndiyo yenye watumiaji wachache. Searls alimsoma kwanza kwa Kijerumani, akampenda kiasi cha kujifunza Kinorwe ili amtafsiri.

#8

Samahani wakuu, mimi nitawakera. Kezilahabi hatujammaliza, Shaaban Robert vijana hawamjui, riwaya mpya za Kiswahili zinauza nakala za kuhesabu. Halafu tunafunguliwa uzi wa kusoma Wanorwe kwa Kiingereza! Hii si kuendelea kuwapigia magoti?

#9 (Mleta uzi)

Mkuu hujanikera. Uchungu wako naujua na ninao.

Lakini tazama hao tunaowasoma humu ni nani. Wanorwe wako milioni 5 na nusu hivi, na wanaoandika Nynorsk ni sehemu ndogo yao. Wabulgaria hawafiki milioni 7. Sisi wasemaji wa Kiswahili UNESCO inatuhesabu zaidi ya milioni 200. Watu hawa wachache wamefanyaje hadi mtu wa Mombasa amsome mvuvi wao? Tangu mwaka 1965 serikali ya Norwe inanunua nakala za riwaya mpya na kuzigawa kwenye maktaba za umma, kwa hiyo mwandishi anayeanza ana uhakika wa wasomaji na mchapishaji ana uhakika kwamba hatazama. Kuna na taasisi iitwayo NORLA, tangu 1978, kazi yake kuzipeleka kazi za Kinorwe nje: inasaidia gharama za tafsiri na kuwakutanisha wafasiri na waandishi. Poland wana mfuko wa namna hiyo kupitia Taasisi yao ya Vitabu. Uholanzi pia. Nobel ya Fosse imepita kwenye mikono ya watu waliolipwa kufanya kazi yao. Mimi nawasoma watu hawa na kila mara nakasirika kwamba sisi, kwa wingi wetu, maktaba ya wilaya haina bajeti ya kununua hata riwaya moja mpya ya Kiswahili.

Na milango imeanza kufunguka upande wetu. Mwaka 2022 *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiswahili, *Peponi*, mfasiri Ida Hadjivayanis, mchapishaji Mkuki na Nyota. Mwaka 2023 Two Lines Press ya San Francisco, nyumba inayochapisha tafsiri tu, ilitoa *No Edges*, mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili kwa Kiingereza. Kwa hiyo leo hii Kiswahili kimekaa kwenye kabati moja na Kipolandi na Kihungaria, kikisubiri msomaji yule yule mwenye subira ya kusoma tafsiri. Nani atakuwa msomaji huyo kama sisi wenyewe hatuna tabia ya kusoma tafsiri?

Kezilahabi msome, mkuu. Fungua uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

#10

Nimeelewa mkuu, nakubali hoja ya maktaba. Huo uzi nitaufungua kweli.

#11

Mimi wa Unguja. Hapo juu umemtaja Erpenbeck ukapita haraka. Bibi yangu aliishi majumba ya Michenzani, yale ya Wajerumani Mashariki. Huyu si wa huko?

#12 (Mleta uzi)

Ndiye hasa. Jenny Erpenbeck alizaliwa Berlin Mashariki mwaka 1967, nchi yake ikafutika akiwa na miaka 23. Ninyi wa Unguja mna njia ya kuingia kwenye vitabu vyake ambayo wengi hawana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki, na wataalamu wao ndio waliokuja kusaidia ujenzi wa Kikwajuni na Michenzani. Nchi iliyojenga yale majumba imekwisha, majumba yapo. Riwaya yake *Kairos* inasimulia miaka ya mwisho ya nchi hiyo. Msichana wa miaka 19 anakutana kwenye basi, mwaka 1986, na mwandishi wa miaka hamsini na kitu, ana mke na mtoto. Mapenzi yao yanaanza kwa muziki na kahawa, yanageuka udhibiti, kuhojiwa, kanda za sauti za lawama. Huku nje Ukuta wa Berlin unaelekea kuanguka. Kina kurasa zinazouma, na mtu aliyewahi kuishi na mwenza wa namna hiyo ajipe nafasi kabla ya kukianza. Mfasiri ni Michael Hofmann.

Kwa Mwafrika, hata hivyo, mimi ningetanguliza *Go, Went, Gone*, tafsiri ya Susan Bernofsky ya mwaka 2017. Profesa mstaafu, mjane, hana la kufanya. Anapita uwanja wa Oranienplatz Berlin ambako wakimbizi Waafrika wamepiga kambi, jambo lililotokea kweli kati ya 2012 na 2014. Anaanza kuwatembelea na daftari la maswali. Wametoka Niger, Ghana, Nigeria. Wengi walikuwa wakifanya kazi Libya hadi vita ya 2011 ilipowasukuma baharini. Walitia mguu Italia, na sheria ya Ulaya inasema pale ulipotia mguu kwanza ndipo kesi yako ishughulikiwe. Kwa hiyo wamekaa Berlin wakijifunza vitenzi vya Kijerumani bila ruhusa ya kufanya kazi yoyote.

Nina neno moja la kukilaumu: kuna kurasa ambazo wale vijana wanabaki kuwa visa vya kumfundisha profesa, na natamani mmoja wao angepewa sura yake mwenyewe. Lakini Erpenbeck amefanya utafiti wake kwa heshima, na amemwonyesha profesa bila kumficha: mtu aliyesoma Homer maisha yake yote na hajui mji mkuu wa nchi anayotoka kijana aliyeketi mbele yake.

#13

Mleta uzi, la mwisho kabla hujalala. Nasikia Kadare wa Albania alitafsiriwa kwa Kiingereza kutoka Kifaransa, si kutoka Kialbania. Sasa hapo ninamsoma nani?

#14 (Mleta uzi)

Ni kweli, ndugu. Ismail Kadare, aliyefariki Julai 2024, ndiye aliyechukua Booker ya kimataifa ya kwanza kabisa, mwaka 2005, na riwaya zake kadhaa David Bellos alizitafsiri kutoka Kifaransa. Kifaransa hicho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Jusuf Vrioni, mtu aliyefungwa jela miaka mingi na utawala wa Hoxha, dikteta wa Albania, kabla ya kugeuka mfasiri. Kadare mwenyewe aliomba hifadhi Ufaransa mwaka 1990 na akawa anazipitia tafsiri hizo kwa karibu, kwa hiyo Kifaransa chake kina baraka zake.

Usiache kumsoma kwa sababu hiyo. Ila sasa wapo wanaotoka Kialbania moja kwa moja, na mkubwa wao ni John Hodgson. Fanya hivi: soma *The Siege*, ya Bellos, habari za jeshi la Waturuki lililoizingira ngome ya Waalbania karne ya 15, halafu soma *The Fall of the Stone City*, ya Hodgson, habari za mji wa Gjirokastër Wajerumani walipouingia mwaka 1943. Zisome zikifuatana, uje hapa utuambie kama masikio yako yamesikia watu wawili au mmoja. Mimi nina jibu langu, silitoi kabla hujasoma.

Kesho nikipata nafasi nitaleta kipande cha Krasznahorkai wa Hungaria, Nobel ya 2025. Anayetaka kutangulia atafute *Satantango*, tafsiri ya George Szirtes. Kila sura ni aya moja, kwa hiyo kianze siku ambayo huna haraka.